Nilimchagua Nafula Ili Mimi Nitoke

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, mama wa binti mmoja, na ninafundisha katika shule ya msingi ya binafsi huku kwetu magharibi mwa Kenya. Ukinikuta njiani utanisalimu kwa heshima zote. Wazazi wananiita Mwalimu, na wale walionijua zamani wananiita Kochi... Laiti wangejua!

Wasomaji wenzangu, kisa hiki nimekiandika mara tatu nikakichana. Mara zote tatu nilipokisoma niliona nimejipendelea. Hii ni ya nne, na nimejiapia kwamba leo sijipendelei.

Kabla ya kwenda Saudia nilikuwa kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha ualimu. Mshahara ulikuwa wa kuchelewa, na mume alikuwa wa kutoweka. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, maajenti walipojaa kila mji, na kila kanisa na kila msikiti palikuwa na mtu wa kukuambia binti wa fulani amekwenda Uarabuni na sasa kwao wanajenga. Nikajiandikisha. Nikamwachia mama yangu mtoto wangu, Faith, akiwa na miaka mitatu, nikaenda Jeddah kuwa mfanyakazi wa ndani.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Al-Safa, nyumba ya ghorofa mbili, na mimi ndiye nilikuwa wa kuipangusa yote. Sitasema nilipigwa, maana sikupigwa. Mgala muue na haki yake mpe. Nilikula, nililipwa, na nilikuwa na kitanda changu kando ya chumba cha kufulia.

Shida yangu ilikuwa moja tu: kutoka. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ukaisha. Ukapita mwezi, ikapita miwili, ikafika saba! Paspoti yangu ilikuwa kabatini kwa Baba, ndivyo tulivyomwita mwenye nyumba, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, na bila saini ya kafili huvuki uwanja wa ndege hata kama mama yako yuko kwenye jeneza. Kila nilipomkumbusha Madam, mkewe, alinijibu yale yale akiwa amenipa mgongo.

"Bitris, mafi badali, mafi safari."

Yaani hakuna wa kushika nafasi yangu, kwa hiyo hakuna safari. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi kule. Anayetaka kwenda kwao hasubiri tarehe, anasubiri mtu wa badala, na mara nyingi huambiwa amtafute yeye mwenyewe kutoka kwao. Dada, binamu, jirani, yeyote mwenye mikono miwili.

Nami nilikuwa nimeapa sitamleta mtu. Niliapa kweli! Lakini siku moja nilipiga simu nyumbani nikamsikia Faith akimwuliza mama yangu, "Huyo shangazi anataka nini tena?"

Shangazi... Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nilikata simu nikakaa sakafuni kati ya ndoo na mashine ya kufulia, nikalia hadi Madam akaniita mara ya tatu.

Sasa hapo ndipo mpira ulipoingia.

Madam alikuwa na binti anayeitwa Dalal, msichana wa miaka ishirini na minne aliyesoma ng'ambo na kurudi na ugonjwa wa kikapu. Yeye na wenzake walikuwa na timu yao. Miaka hiyo wanawake hawakucheza hadharani, kwa hiyo walikodi ukumbi wa shule moja ya wasichana, madirisha yamebandikwa karatasi, mlangoni mama mmoja wa kuzuia watu. Walikuja na abaya zao, wakizivua ndani wana jezi. Walicheza na timu nyingine za faragha kama yao, hata kutoka Riyadh.

Siku moja Dalal alikuwa akirusha mpira uani, mimi naanika mashuka. Alikosa mara tano mfululizo. Ulimi wangu ukanisaliti. Nikamwambia, "Kiwiko chako kimetoka nje, ndiyo maana." Alinitazama kama mtu aliyesikia ndoo ikizungumza. Kisha akanipa mpira. Nikaufunga.

Tangu siku hiyo nikawa naenda nao mazoezini. Kwa Madam nilikuwa mbeba maji na taulo, lakini kule ndani nilikuwa kocha. Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilipopuliza filimbi wakasimama, nilijiona mtu tena.

Basi timu ya Riyadh ikaja ikatuchapa, na kuchapwa kwenyewe kulikuwa kwa aibu. Walikuwa na mgeni mmoja mrefu ambaye hakuna aliyeweza kumkaba. Dalal alirudi nyumbani amevimba macho. Akaniuliza kama kwetu wapo wachezaji wa kweli, wa kuja kucheza kama kazi.

Wapo! Nilimjibu kabla hajamaliza. Jina moja tu lilikuwa kichwani mwangu.

Nafula alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika kile chuo changu cha zamani. Nilimpokea mwaka wake wa kwanza akiwa mwembamba kama ufito, nikamfundisha mimi. Mama yake, mjane, alishona sare za shule, na bukta za kwanza za Nafula za mazoezi zilitokana na mabaki ya kaptura za wanafunzi. Yule msichana aliniita Kochi kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyeniita. Ningemwambia aruke shimoni angeuliza tu aruke na mguu upi.

Kocha aliyebaki chuoni akanitumia video za mechi tatu. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, Madam akiwa amejipumzisha, mimi na Dalal tulikaa jikoni tukazitazama kwenye simu yake kubwa. Asiyejua mchezo hutazama mpira. Mimi niliitazama miguu ya Nafula, nikatazama anafanya nini akishakosa. Alikuwa fowadi, namba tatu, lakini mechi ya pili mwenzao mrefu alipotolewa kwa makosa aliingia chini ya kikapu akawakaba majitu, akanyakua ribaundi kila zilipodondoka. Mechi ya tatu alipandisha mpira mwenyewe, akagawa pasi kwa mkono wa kushoto, na alipoachwa wazi akarusha pointi tatu. Mfupi alimkaba, mrefu alimkaba. Nilimwonyesha Dalal udhaifu wake pia, sikuficha: huyu msichana husaidia mno. Mwenzake akipitwa, yeye humwacha mtu wake na kukimbilia kuziba. Kwa kocha hilo ni kosa, ingawa ni kosa la mtu mwema.

"Hachagui namba," nilimwambia Dalal. "Popote utakapomweka atacheza."

Dalal akaruka kwa furaha, akaenda kwa baba yake. Jibu likaja baada ya siku chache. Viza ya mwanamke mchezaji haikuwepo, hakuna aliyewahi kuisikia. Viza iliyopatikana nyumbani ilikuwa moja, ya mfanyakazi wa ndani.

Madam akaniita.

"Huyu mrefu," akasema, "kusafisha anajua? Kupika? Kupiga pasi?"

Wasomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Sikuhitaji kuelezwa. Dalal alitaka mchezaji, Madam alitaka mtu wa badala yangu, na karatasi ni ile ile moja. Msichana atacheza Dalal akitaka, na atadeki Madam akitaka, na kati ya hao wawili mwenye nyumba ni nani? Ningeweza kusema hajui kazi. Ningeweza kusema mvivu, mgonjwa, ana kiburi. Sentensi moja tu ingetosha!

Nikasema, "Anajua yote, Madam. Hachoki. Hachagui kazi."

"Halas, yamekwisha," akasema Madam. "Akifika, wewe unasafiri."

Nafula wakati huo alikuwa ameitwa kwenye majaribio na kampuni moja Nairobi. Kampuni hiyo ina timu, na wachezaji wake huajiriwa: mchana ofisini, jioni mazoezini. Nilikuwa nimemtumia habari kwamba Jeddah wanataka mchezaji, akanipigia simu kuniomba ushauri. Mimi! Akauliza, "Kochi, huku ni kazi na mpira, huko ni mpira peke yake. Niende wapi?"

Nikamwambia Nairobi watamkalisha benchi miaka miwili. Nikamwambia huku atakuwa nyota, atasafiri, ataonwa na watu wa nje. Akaniuliza kwa nini ajenti amemwambia viza ni ya kazi za nyumbani.

"Hiyo ni karatasi tu, Nafula. Hata mimi imeandikwa hivyo, na huku ni kocha."

Akacheka. Akaniambia, "Si basi nimekuwa pro, Kochi!" Majaribio ya Nairobi hakwenda.

Alipofika tulikaa pamoja siku kumi. Ninazikumbuka moja moja. Nilimwonyesha sabuni inapokaa, namna Baba anavyotaka kahawa yake, shuka zipi ni za wageni. Alifanya yote akiimba, akidhani ananipunguzia kazi. Aliniambia, "Nakusaidia tu mpaka uende, sivyo?" Nikamwitikia kwamba ndivyo.

Katika siku hizo alicheza mechi moja. Mama yangu! Alicheza namba zote kwa dakika arobaini. Wale wasichana wa Jeddah walipiga vigelegele mpaka mama wa mlangoni akawanyamazisha. Dalal alimkumbatia akamwinua juu, na Nafula akanitafuta kwa macho pale nilipokaa na taulo zangu, akanipigia saluti. Kesho yake asubuhi nikapanda ndege.

Nyumbani Faith alinikimbia. Ilichukua wiki tatu akubali kulala karibu nami. Madam alikuwa amenipa miezi miwili, nikitaka nirudi kwake kwa mkataba mpya, na hamu ya mtoto ikanifanya nimsahau Nafula kabisa... Hapana, huko ni kujipendelea. Sikumsahau. Nilikuwa namkwepa. Aliponitumia ujumbe kwamba Dalal amechumbiwa, kwamba mchumba hataki mambo ya mipira, kwamba timu imevunjika, nilimjibu avumilie, wataanza upya. Alipoandika kwamba sasa anaamka kabla ya alfajiri na kulala wakishalala wote, nilimwandikia, "Mazoezi magumu ndiyo humjenga mchezaji." Niliandika hivyo kwa kidole changu hiki.

Nikarudi Jeddah kwa huo mkataba mpya, maana nyumbani hapakuwa na kazi. Nafula sikumkuta.

Madam alisema wawili ni wengi kwa nyumba moja. Nilipothibitisha ninarudi, alimpeleka Nafula kwa dada yake Riyadh. Kumbe hata kurudi kwangu kulimtoa mahali pabaya kukampeleka pabaya zaidi! Msichana wa kazi wa nyumba ya jirani akanisimulia jinsi Nafula alivyoondoka. Alipoambiwa anahamia Riyadh alifurahi sana. Alikumbuka ile timu iliyotuchapa, akaona amechukuliwa na wakubwa, kama wachezaji wanavyochukuliwa. Alivaa viatu vyake vya mpira safarini.

Kule Riyadh walimnyang'anya simu. Nikabaki na mama yake. Kila Ijumaa alinipigia, na kila Ijumaa swali lilikuwa moja.

"Mwalimu, mtoto wangu anacheza?"

"Anacheza, mama."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi niliirefusha kwa miezi. Nilimwambia simu haziruhusiwi kambini. Nilimwambia wameshinda. Mara moja, Mungu anisamehe, nilimtajia hadi matokeo ya mechi na pointi alizofunga Nafula. Mama akapiga kelele za furaha simuni, nikasikia cherehani ikisimama.

Kisha akafa mama mkwe wa yule dada wa Riyadh, na Madam akanichukua kwenda kusaidia kupikia waombolezaji. Nilipoingia jikoni kwao nilimkuta mwanamke mmoja tu, Mhabeshi wa makamo aitwaye Tigist, akikoroga sufuria mbili kwa wakati mmoja. Nilipomtaja Nafula aliweka mwiko chini.

Alinieleza kwa Kiarabu chetu kile cha jikoni. Tigist alikuwa ametumwa kupanda kusafisha madirisha ya ghorofa ya juu kutoka nje, na yeye ana kizunguzungu. Nafula alimwona anatetemeka. Akamwambia shuka, nitapanda mimi. Aliteleza ukutani akaangukia mkono wa kulia. Hospitali walimfunga plasta, lakini kabla ya wakati wa kuifungua kufika akarudishwa kwenye ndoo, maana wageni walikuwa njiani. Mfupa ukaunga vibaya. Aliposhindwa kukamua tambara, mwenye nyumba akasema huyu ni mbovu, arudishwe ofisini kwa ajenti. Asubuhi ya kupelekwa, akatoroka.

Nikachukua kisu, nikaanza kukata vitunguu. Kila aliyepita alidhani ninalia kwa vitunguu au kwa marehemu.

Tigist alikuwa na namba ya Wakenya fulani wanaoishi mtaa wa Al-Shumaisi, ambao ndio waliomficha. Kesho yake mchana nilitumwa na dereva kununua iliki na sukari. Dereva alikuwa mzee wa Kisudani, mcha Mungu. Nilimwambia nina mdogo wangu mgonjwa mtaa huo. Akanitazama kwenye kioo, akasema, "Dakika kumi, binti yangu. Ya kumi na moja sipo."

Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mapazia, magodoro sita sakafuni, wanawake wawili wakisuka nywele. Nafula alikuwa amekaa ukutani. Alikuwa amekonda, lakini aliponiona alisimama wima kama alivyokuwa akisimama filimbi yangu ikilia.

"Kochi! Umekuja kunichukua?"

Nilimshika mkono wa kulia. Kiganja kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, na vidole viwili havikufunga kabisa. Ule mkono! Nilijua kila kosa la ule mkono tangu ana miaka kumi na minane, nilikuwa nimeyarekebisha moja moja.

"Nikifanya mazoezi utanyooka?" akaniuliza. "Wewe unajua haya mambo. Niambie ukweli tu."

Nikamwambia utanyooka.

"Basi usimwambie mama. Atajua ukishapona."

Dereva akapiga honi. Nilimwachia shali yangu na kila kitu kilichokuwa mkobani, nikashuka ngazi. Sikuwa nimekuja kumchukua. Sikuwa na uwezo huo, na hata ningekuwa nao, sijui kama ningethubutu.

Wiki chache baadaye wenzake walimsindikiza akajisalimisha kwa serikali, akawekwa mahali pa wanaosubiri kurudishwa kwao, hatimaye akapandishwa ndege. Mama yake alikwenda uwanja wa ndege Nairobi na majirani, wamevaa sare aliyoshona mwenyewe, kumpokea bingwa. Nimeona picha. Nafula ameweka mkono wa kulia ndani ya sweta.

Nilimaliza mkataba wangu, nikarudi, nikapata hii kazi ya shule. Ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kwenda kwao. Nafula siku hizi anauza vocha na vitabu kwenye kiduka. Daktari alisema mfupa ungevunjwa upya mapema ungerudi, sasa umechelewa. Wasichana wa chuo humwomba awe anakuja kuwatazama, haendi. Ile kampuni ya Nairobi ilimchukua mwenzake wa chuoni, ambaye kila mechi alikaa benchi kwa sababu ya Nafula, na juzi huyo mwenzake alikuwa kwenye timu ya taifa.

Alinikaribisha ndani. Akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto, bila kumwaga hata tone. Mama yake alitoka kwenda kununua mkate. Tukabaki wawili.

"Kochi, nikuulize kitu kimoja halafu nisikuulize tena. Ulijua? Kwamba nakuja kuwa mboch tu, wa kudeki na kufua, ulijua?"

Ningeweza kupasuka pale pale. Nilikuwa nimepanda gari asubuhi nikiwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimeomba! Lakini macho yake...

"Haki ya Mungu, Nafula, sikujua."

Akashusha pumzi ndefu. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nifike.

"Nilijua tu hukujua. Hata Tigist nilimwambia, Kochi angejua hangenileta. Na wewe usijilaumu, sawa? Ulidanganywa kama mimi."

Akaja akanikumbatia, ananifariji mimi! Mama aliporudi na mkate, alitukuta hivyo, akafurahi. Nilikula ule mkate. Nilikunywa chai ikaisha.

Wasomaji wenzangu, hasa wewe uliye huko Jeddah au Riyadh sasa hivi, ambaye umeambiwa leta mtu wa badala ndipo utoke. Najua unavyomkumbuka mtoto wako. Najua kabisa. Lakini ukimtafuta huyo mtu, mwambie kila kitu kilivyo, ndoo na madirisha na saa za kulala, kisha mwache achague mwenyewe. Akikataa, kaa. Mimi nilimwona mtoto wangu miezi kadhaa mapema, na hadi leo siwezi kumtazama akicheza mpira uani. Na wewe binti mwenye kipaji, kilichoandikwa kwenye viza ndicho utakachofanya, hata kama anayekuambia vingine ni mtu aliyekulea.

Nilijua, Nafula. Nilijua tangu Madam aliponiuliza kama unajua kupiga pasi. Mdanganyifu pale alikuwa mmoja, na ulimkumbatia.

Gazeti hili likitoka nitakuletea nakala mimi mwenyewe, nikae mbele yako mpaka umalize kusoma. Mama yako naye awepo. Sitaondoka hadi mtakaponiambia niondoke.